Kitufe cha Nne na Udongo wa Taaka

Waliokuwepo siku tuliyomzika Ojiambo, pale nyumbani Masaba, ni hawa. Ojiambo mwenyewe, ndugu yangu anayenifuata, ndani ya jeneza. Mimi Nabwire, dada yake mkubwa, mbele ya swicha. Wandera, kitinda mimba wetu, ameshika kamba ya kushushia jeneza. Owor wa Tororo, aliyenifundisha kazi, nyuma ya kamera ya kwanza, ile iliyotazama kaburi. Bosi, mwenye vyombo, ambaye jina lake sitaliandika kwa sababu hastahili kulisoma popote akafurahi. Mheshimiwa, mwanasiasa ambaye hakualikwa. Mchungaji, mjomba Barasa na majirani, wengi wao nikiwajua kwa majina. Na Taaka, mdogo wetu wa kike, naye alikuwepo kwa namna yake: amejifungia chooni kwa mwajiri wake huko Arabuni, simu mkononi, akitutazama.

Nimewataja wote kwanza kwa sababu nyinyi vijana mna tabia moja mbaya. Kitu kikiharibika hewani mnasema, "Mashine ilizingua." Mashine haijawahi kuzingua peke yake mbele yangu. Siku zote kuna mtu, na mtu huyo ana jina.

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi, niwaambie tulivyokuwa tukitengeneza manjonjo ya picha na kuifundisha swicha ijiendeshe. Nitawaambia. Lakini nina hasira, na sitaificha ili karatasi ipendeze.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, swicha ni meza ndogo ya vitufe. Kamera zote zinaingia hapo kwa nyaya, na anayeketi pale ndiye anayeamua watu waone ipi. Unaweza kukata, yaani picha moja iondoke na nyingine ije papo hapo. Unaweza kufifisha, moja ikiyeyuka ndani ya nyingine. Unaweza kuweka maandishi chini, au picha ndogo ndani ya picha kubwa, au kipande cha kuruka kinachopita skrini nzima, maua au njiwa au nembo, na kikishapita unakuta kamera imebadilika. Hayo ndiyo manjonjo. Watu wa huku wanayapenda kama wanavyopenda chumvi.

Kule Paya kulikuwa na baba wa bibi harusi aliyependa ile picha inayogeuka kama ukurasa wa kitabu. Alipewa maikrofoni, na alikuwa ameketi mahali anapoiona skrini kubwa. Kila alipovuta pumzi alitaka ukurasa ugeuke. Akinyamaza ananikodolea macho.

"Binti, mbona hujageuza? Nimeingia pointi mpya."

Nikageuza. Akaendelea kidogo, akasimama tena. "Hii nayo ni mpya."

Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikateleza kwenye nyasi, na hadi leo ukifika Paya ukamuulizia Mzee Kitabu utapelekwa kwake. Sikumchukia. Siku ile ilikuwa yake, na binti alikuwa wake. Manjonjo yana mahali pake. Shida ni pale yanapopelekwa mahali ambapo hayakuitwa.

Mimi niliacha shule mama alipofariki, baba akiwa ametangulia. Nilikuwa na Ojiambo, Taaka na Wandera, na wote watatu walikuwa wakinitazama mimi saa za kula. Nilianza kwa kukunja nyaya za Owor. Owor alikuwa na duka la picha Tororo, upande wa barabara ya kiwanda cha saruji, na kila asubuhi tulifuta vumbi la saruji kwenye lenzi kabla ya kusalimiana. Swicha yake ilikuwa ya zamani, yenye mpini wa kuvuta, na hakuruhusu mtu aiguse ovyo. Kwa hiyo alinipigilia vizibo vya soda kwenye ubao. Nikafanya mazoezi kwenye vizibo. Yeye anaita, mimi nabonyeza kizibo.

"Wewe naangalia nini?" alikuwa akinigombeza. "Naangalia kidole? Kidole iko tu hapo, haiwezi toroka. Angalia skrini!"

Nilipolia kwa uchovu aliniacha nilie, halafu akasema, "Umemaliza? Haya. Kamera mbili." Sijapata mwalimu mwingine, na sikumhitaji.

Miaka ikapita, swicha za kisasa zikaingia, zikaja na makro. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnapochoma watu. Makro ni kumbukumbu ya vitendo. Unaiambia swicha ianze kukariri, unabonyeza vitu vyako kwa utaratibu, hata kungoja kwako inakukariri, kisha unaiambia inatosha. Kuanzia hapo kitufe kimoja kinafanya kazi ya vidole vyako vyote. Unaweza pia kuiambia izunguke: kamera hii kwa muda huu, ile kwa muda ule, irudi mwanzo. Inajiendesha hata kama umekwenda kula.

Haijui kilicho mbele ya lenzi. Hilo mliandike mahali mtakapoliona. Inajua namba tu.

Tena haijisafishi. Owor mwenyewe aliwahi kutengeneza makro ya kukata keki kwa harusi moja ya Buteba, yenye majina ya maharusi chini. Kesho yake tukawa kanisani, akabonyeza kitufe kilekile kwa mazoea. Mchungaji akahubiri juu ya moto wa jehanamu, na chini ya kidevu chake maua mekundu na maneno "Karibuni kwa Harusi ya Peter na Joan". Waumini wakainamisha vichwa, tukadhani wameguswa. Tangu hapo kila makro tuliyotengeneza ilianza kwa kufagia: ondoa maandishi, ondoa picha ndogo, zima kila kinachoruka, rudisha mkato wa kawaida, ndipo ufanye ulilokusudia. Fagia kwanza. Na za harusi usiziweke karibu na za msiba. Andika jina la kila moja kwenye plasta, bandika juu ya kitufe, kwa herufi ambazo hata mgeni ataziona.

Sasa nirudi Masaba.

Nyumbani kwetu, tangu tulipomzika mama, kila mmoja wetu hutupa udongo wake mwenyewe, kwa kufuata tulivyozaliwa. Asiyekuwepo hutupiwa na mkubwa, na jina lake linatajwa kwa sauti. Siku ya mama, Wandera alikuwa mchanga mikononi mwangu, na Taaka alikuwa mgongoni kwa Ojiambo, mtoto asiyejua hata kutembea vizuri. Ojiambo, naye mtoto, alimpa udongo kidogo kiganjani, Taaka akaufinya na kukataa kuuachia. Ojiambo akamfungua vidole kimoja kimoja juu ya kaburi mpaka udongo ukaanguka. Mimi nilipokuwa Tororo nikikunja nyaya, Ojiambo ndiye aliyekuwa akimpikia Taaka uji, akimwosha, akimbeba. Taaka hakuwa na mama mwingine anayemkumbuka.

Ojiambo alipofariki, mwajiri wa Taaka alikataa kumpa ruhusa, na pasipoti alikuwa nayo yeye. Taaka akanipigia.

"Dada, sitakuja. Wamekataa."

"Nimesikia, mama. Nitakutupia wako."

"Nataka nione. Usinielezee baadaye. Nataka nione mkono ukifunguka, na unitaje."

"Utaona."

Nikamwahidi hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka misiba ya watu wengine moja kwa moja mpaka kwa watoto wao ng'ambo. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo. Ningeshindwa vipi wa kwetu?

Bosi aliniambia atatoa vyombo bure, ndiyo rambirambi yake. Nilimshukuru mbele za watu. Wakati huo sikujua kwamba rambirambi hiyo alikuwa ameiuza kwa Mheshimiwa, aonekane hewani.

Mtandao wa Masaba ni wa kubahatisha, kwa hiyo simu ya kawaida ya picha ilikuwa haishiki. Tulifunga modemu juu ya mlingoti wa bomba nyuma ya hema, na picha yote ikapita hapo. Nilijua kwamba wakati wa udongo sitakuwa mezani, nitakuwa kaburini. Nikatengeneza makro kwenye kitufe cha nne. Ilifagia kila kitu, ikakata kwenda kamera ya kwanza, ikabaki hapo. Hakuna maua, hakuna nembo. Kaburi tu na mikono yetu. Nikaijaribu pamoja na Owor kabla watu hawajakaa. Nikabandika plasta: KABURI.

Bosi akasema atakaa mezani mwenyewe.

"Ukimwona mchungaji amefunga kitabu, bonyeza nne," nikamwambia. "Halafu usiguse kitu."

"Sister, chill. Hii kitu inajiendesha yenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia usiiguse."

Akacheka. Yeye ni wa upande wa Kenya, ng'ambo ya mpaka, kijana wa mjini, anachekea kila kitu, na miaka yote nilidhani ni uchangamfu.

Nikaenda kwenye jeneza pamoja na wanawake. Katika muda huo msafara wa Mheshimiwa ukafika, na kijana wake wa picha akampa bosi kipande cha kuruka: sura ya Mheshimiwa, bendera, na tarumbeta. Wakataka kitufe cha haraka cha kukitoa. Bosi akakikaririsha kwenye namba nne. Juu ya yangu. Baada ya tarumbeta akaiambia swicha izunguke yenyewe, kamera ya tatu iliyomtazama Mheshimiwa ikipewa muda mrefu na nyingine zikipita haraka, ili yeye apate nafasi ya kwenda kumsalimia.

Sikuyaona haya; niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni taa.

Kamera ikiwa hewani inawaka taa nyekundu juu ya lenzi. Watu wote pale kaburini walikuwa wakitazama shimo. Owor na mimi tulikuwa tukitazama taa. Ilikuwa imewaka. Nikatupa udongo wangu. Wandera akataka kutupa, nikamzuia, nikamwambia wa Taaka unatangulia wa kwako. Nikainama nikachota. Nikasimama nikaelekea lenzi, nikanyoosha mkono juu ya kaburi ili aone vizuri.

"Taaka!" nikaita. "Taaka, binti wa mama yetu!"

Mchungaji alikuwa tayari amefunga kitabu. Taa ikazimika.

Nikasikia tarumbeta kutoka kwenye spika za hema. Wengine wakageuka wakidhani ni sehemu ya ibada.

"Taa imekufa!" Owor akapiga kelele. "Nani iko kwa meza? Nani iko kwa meza?"

Hapakuwa na mtu mezani. Bosi alikuwa ameshabonyeza nne akaondoka, na sasa ameinama mbele ya Mheshimiwa, mikono yake miwili imeshika mmoja wa yule.

Nikabaki nimesimama na udongo mkononi. Owor hakuweza kuiacha kamera, maana taa ikirudi naye hayupo ingekuwa bure kabisa. Wandera alikuwa bado na kamba. Mimi ningekimbia mezani, lakini kwetu anayetajwa jina juu ya kaburi haachwi njiani. Ukishamwita, unangoja hapo na udongo wake.

"Nabwire, tupa," mjomba Barasa akaninong'oneza. "Watu nangoja."

"Haoni, mjomba."

"Nani haoni?"

"Taaka. Haoni."

"Mungu anaona, dada," mchungaji akasema kwa upole. "Tupa tu."

"Mungu aliniona tangu nilipochota. Aliyeomba kuona ni Taaka."

Watu wakaanza kuguna. Walidhani uchungu umenipanda kichwani. Mwanamke mmoja akasema, "Muacheni, ndiye aliyewalea." Nikaendelea kuitazama ile taa kama nilivyofundishwa kutazama skrini.

Ikawaka. Mzunguko ulikuwa umefika namba moja. Nikainua mkono, nikavuta pumzi ya kuita jina, na hapohapo Mheshimiwa akaingia mbele yangu kunipa pole. Alisimama katikati yangu na lenzi, ananyoosha mkono wa kulia, na mkono wangu wa kulia ulikuwa na udongo wa Taaka.

"Pole sana, mama. Nipe mkono."

"Toka mbele ya kamera."

"Mama?"

"Nimesema toka!"

Hakuzoea kuambiwa hivyo. Alibaki akitabasamu, mkono hewani, akingoja picha yake. Nikainua ngumi juu ya bega lake, juu kabisa, niwezavyo. Taa ikazimika. Haikurudi tena mpaka vijana walipokwisha kufukia. Wandera alitupa wake. Wa Taaka ukabaki mkononi mwangu.

Nilikwenda mezani na ngumi vilevile. Kwenye kitufe cha nne kulikuwa na plasta mpya: MHESH. Nikaibandua kwa kucha za mkono wa kushoto. Chini yake kulikuwa na ya kwangu, KABURI, haijachanika. Basi aliisoma. Aliisoma akabandika juu yake.

Bosi akaja akitabasamu. "Nabwire, si ni ka-sekunde tu? Msee ni mheshimiwa, tungefanya nini?"

"Kadi ya kamera ya Owor iko wapi?"

Nilitaka angalau picha ya kamera moja iliyorekodi peke yake. Tabasamu likapungua.

"Tulipeleka zile kadi kwa harusi. Lakini tume-record ile iliyotoka hewani, iko poa."

Iliyotoka hewani ilikuwa tarumbeta, Mheshimiwa, viti, Mheshimiwa, na mgongo wa Mheshimiwa. Sikumpiga. Nilikuwa na mkono mmoja tu. Nilimwambia maneno ambayo mchungaji aliyasikia na hakunikemea. Vijana, hili nalo mlichukue: kila kamera irekodi ndani yake, kila mara, hata wakikwambia kadi hazitoshi. Swicha ikikosea, kilicho ndani ya kamera kinabaki. Asiyekuwa na kadi asiseme amekwenda kazini.

Taaka alipiga kesho yake, asubuhi, nikiwa nafagia uwanja. Nilisikia maji ya bomba yakimwagika. Aliyafungulia ili wasimsikie.

"Dada, mbona nilimwona yule mtu tu?"

Nikamwambia bosi alibadilisha kitufe.

"Nilikusikia ukiniita," akasema. "Nikasema sasa hivi. Ikaja bendera. Halafu nikaona ngumi yako, juu ya bega lake. Ilikuwa imeshika nini?"

"Udongo wako."

"Hujautupa?"

"Sijautupa."

Akayafungulia maji zaidi.

"Basi usiutupe. Nitakuja niufungue mwenyewe."

Mtauliza kwa nini sikuacha kazi siku hiyohiyo. Wandera alikuwa shuleni, na mimi sijawahi kuacha kitu kwa sababu kinauma. Niliendelea kukaa mbele ya swicha ya yule mtu mpaka Wandera alipomaliza, ndipo nikastaafu, kama mtu asiye na pensheni anaweza kusema amestaafu. Misiba yote niliyoifanya baada ya hapo niliiendesha kwa mkono. Waliniita mshamba. Bosi alinunua mashine mpya inayofuata uso wenyewe, akaniita nije niione. Niliitazama ikifanya kazi. Kwenye msiba mmoja wa Buteba iliacha jeneza ikaufuata uso wa mtu aliyekuwa akigawa soda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akicheka na meno yakionekana.

Sisemi msitumie makro. Mimi nilizipenda, nilikesha nazo kichwani, na nina zangu ambazo bado zinatumika Busia, pande zote mbili za mpaka, na wanaozitumia hawanijui. Ninasema mkae mezani. Ukiifundisha mashine kazi, baki uitazame ikifanya. Na kama kuna mtu amejifungia chooni mahali fulani akingoja picha moja tu, huyo ndiye mheshimiwa wako. Sitaki kusikia jina lingine.

Udongo wa Taaka uko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Ukikauka sana nauloweka kwa matone ya maji ili ushikamane, usije ukawa vumbi. Mkataba wake uliongezwa, ukaongezwa tena. Kila akipiga simu huuliza kwanza kuhusu kopo, ndipo aniulize afya.

Juzi juzi Wandera alileta fundi tulijengee kaburi la Ojiambo. Fundi akapiga saruji vizuri, akafika upande wa kichwa, akakuta nimezungushia mawe mahali padogo, pana kama sahani.

"Hapa nako tufunike, mama?"

"Hapo acha."

"Maji itaingia."

"Iingie. Kuna mtu bado hajatupa."